Mwiba wa Mama Sponji

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza, kisha sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa siti za pikipiki. Fundi mwanamke. Wateja walimwita Mama Sponji, na sisi tutamwita hivyo hivyo, maana mumewe anatania kwamba hata yeye jina jingine alishalisahau.

Lakini tusianzie kwenye karakana yake. Tuanzie barabarani, siku ile ya mwisho.

Mumewe yuko zahanati ya mbali kabisa. Kazi yake ni kubeba damu na vipimo vya wagonjwa kwa pikipiki, kutoka zahanati za pembeni mpaka hospitali kubwa. Wenzake wanamwita Masafa. Alfajiri alimwacha mkewe kitandani, mgonjwa lakini anakunywa uji, na mkewe mwenyewe ndiye aliyemsukuma. "Nenda, vipimo vya watu havikai." Sasa simu inalia. Ni shemeji yake, dada mkubwa wa Mama Sponji.

"Shemeji, acha ulichoshika. Hali ya mdogo wangu imebadilika. Njoo."

"Anaongea?"

"Kidogo. Njoo, shemeji."

Masafa akamwachia muuguzi lile boksi la vipimo, akapiga kiki, akaondoka mbio. Anasema alipita watu bila kuwaona. Alimwomba Mungu, akaigombeza pikipiki, akamwomba Mungu tena. Halafu, katikati ya njia, kitu kikamgusa chini, kwenye mfupa wa kukalia. Kikamgusa tena, safari hii kwa nguvu. Akajua. Ulikuwa mwiba wa mkewe.

Msishtuke, wasikilizaji. Si mwiba wa mti, na nitaueleza. Ila shikeni hili: mke yuko kitandani, mume yuko njiani, na siti inamwambia ashuke.

Sasa turudi nyuma.

Mama Sponji alianza kama fundi wa makochi. Chumba chake kilikuwa kimoja, cherehani dirishani, marobota ya sponji yamefika darini, na harufu ya gundi inayokusalimia kabla ya mwenyewe. Wakati huo ndiyo kwanza wameoana. Masafa alikuwa anarudi kazini hawezi kukaa. Anakula amesimama, sahani mkononi, ameegemea ukuta.

"Mume gani huyu anakula kama askari wa zamu," mkewe akasema. "Leta hiyo siti."

Akaivua ngozi, akang'oa sponji ya kiwandani, akaweka sponji ya kochi. Nene, laini, unabonyea mpaka raha. Jirani yake, fundi pancha, alipoiona akacheka. "Shemeji, hapo umempa mumeo kitanda."

Likumbukeni neno hilo, kitanda.

Masafa alipanda siti ile akiimba. Alirudi anatembea kama bata. Mama Sponji hakuelewa, akadhani sponji haikutosha, akaongeza nyingine. Ikawa balaa zaidi. Hilo ni kosa la fundi wa makochi, wasikilizaji. Kwenye kochi mtu anajigeuza atakavyo, akichoka anainuka. Kwenye pikipiki amebanwa pale pale, anatikiswa, na sponji laini inalala chini ya uzito wake mpaka anakalia kitako kitupu cha siti. Ulaini ule unamdanganya mwanzo wa safari, akifika katikati umeisha.

Fundi yule hakuwa mtu wa kushindwa kimya kimya. Akajaza karai mchanga mbichi, akaliweka uani, akamwambia mumewe, "Kaa."

"Mbele za watu?"

"Watu hawajui una matako? Kaa, bwana."

Masafa akakaa. Aliponyanyuka, mchangani pamebaki mashimo mawili, alama za mifupa yake ya kukalia. Mkewe akainama akayapima kwa vidole huku fundi pancha akijikausha asicheke. Kuanzia hapo akajua wapi panabeba uzito. Akaweka sponji ngumu chini na nyepesi juu. Nyuma akaipanua siti, mbele akaichonga iwe nyembamba, mapaja yasisuguliwe. Mshono akauondoa chini ya mapaja, akaupeleka ubavuni. Na mbele akainua kidogo, ili mtu akifunga breki asiteleze mpaka kwenye tangi.

Masafa akaenda safari nzima, akarudi, akavuta kiti cha mezani, akakaa, akala. Hapakuuma popote. Alimwambia hilo kila aliyetaka kusikia na asiyetaka: hapakuuma popote. Wenye pikipiki wakaanza kupanga foleni kwa Mama Sponji, na makochi yakasahaulika.

Sasa sikilizeni vizuri. Zamani Masafa alikuwa anashuka njiani. Anashuka kwenye kibanda cha chai, anashuka darajani, anajinyoosha, anamtania muuza chai, anapanda tena. Hakushuka kwa hekima. Alishuka kwa sababu matako yanawaka. Alipopata siti ile akaacha kushuka. Kibanda anakipita, daraja analipita. Bosi wake akamsifu kwa kuwahi.

Mchana mmoja wa jua kali alikuwa kwenye barabara iliyonyooka. Anachokumbuka ni barabara, kisha majani karibu na jicho lake. Alisinzia juu ya pikipiki, akaingia mtaroni. Wakulima waliokuwa jirani ndio waliomtoa, mguu umevunjika.

Hospitalini mkewe alisimama pembeni ya kitanda. "Ulikuwa umechoka?"

"Hata. Hapakuuma popote."

Masafa anasema mkewe aliitazama mikono yake mwenyewe kama vile ni ya mtu mwingine. Tulimuuliza dada yake, akatuambia: "Alikuja kwangu akalia. Akasema, dada, mimi ndiye niliyemlaza. Nimemtandikia mume wangu kitanda barabarani. Nikamwambia acha maneno hayo. Hakuyaacha."

Mguu ulipona, ukabaki na kuchechemea. Masafa akataka kurudi kazini, na akataka siti yake ile ile. Mkewe akasema sawa. Aliisema upesi mno ile sawa, na mumewe angemjua vizuri angeuliza maswali. Hakuuliza.

Safari ya kwanza, katikati ya njia, kitu kikamgusa mfupani. Akavumilia. Kikazidi. Akashuka, akaikagua siti, hakuna kitu. Akanywa maji, akajinyoosha, akapanda. Kimya, siti nzuri kabisa. Safari ikiendelea, kikarudi. Safari ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

"Mke wangu, siti ina kasoro."

"Itazoea."

"Siti inazoea?"

"Basi utazoea wewe."

Aliyeharibu mambo ni fundi pancha, na hakuwa na nia mbaya. Siku moja anamjazia Masafa upepo, akauliza, "Hivi ule mpira wa tairi aliokuja kuomba mkeo kwangu, aliufanyia nini?"

Masafa aliifungua siti pale pale, akaibeba kwapani, akaingia karakana kwa mkewe akaibwaga mezani. Wateja walikuwepo. Akachukua kisu cha kukatia sponji.

"Umeniwekea nini humu?"

Mama Sponji akazima cherehani. "Kata uone."

"Nakuuliza kwa mdomo, nijibu kwa mdomo."

"Mpira wa tairi. Vipande viwili vyembamba, kila mfupa na chake. Viko chini kabisa. Ukiwa mzima huvihisi. Ukikaa sana, sponji inapata joto, inalala, vinakufikia."

"Umenifanya mtoto mdogo."

"Nimekufanya mume. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yanakushusha. Nikayaondoa yote, ukaacha kushuka, ukaenda mtaroni. Nimekurudishia kidogo, basi."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Masafa akakisogeza kisu kwenye siti.

"Kata," mkewe akasema. "Kwa mkono wangu sikuzuii. Ila ukikata, leo nafunga karakana, na kila safari napanda nyuma yako nikufinye."

Mteja mmoja alicheka. Masafa hakucheka. Alikuwa na hasira ya kweli, na anakiri kwamba kisu kilishagusa ngozi ya siti, alama yake ipo mpaka leo. Kisha akakiweka mezani. "Msije mkasema nilielewa somo," alituambia. "Siku ile sikukubaliana naye. Nilichoka tu kushika kisu." Nyumbani walisalimiana kwa mkato kwa muda, chumvi inaombwa kwa kunyoosha kidole.

Lakini tangu siku ile Mama Sponji hakumficha mtu tena. Kila mteja wa safari ndefu alimwambia waziwazi: nakutengenezea siti nzuri, na ndani nakuwekea mwiba. Hutaki, nenda kwa mwingine. Wapo walioenda. Waliobaki walipewa sharti moja, na wanaoendesha wakitusikiliza sasa hivi wanalijua kwa moyo. Ukikuuma, shuka. Kaa chini, usikae juu ya pikipiki. Kunywa maji, ungoje mpaka miguu ikumbuke ni yako. Ndipo upande.

Haya. Turudi barabarani.

Mkewe yuko kitandani, yeye yuko njiani, na mwiba unamuuma. Masafa akasema hapana, leo hapana. Akajisogeza kulia, ukamfuata wa kulia. Akajisogeza kushoto, upo wa kushoto. Akasimama juu ya vikanyagio akaendesha hivyo, ule mguu uliovunjika zamani ukaanza kutetemeka. Akakaa tena, akauma meno.

Honi ya lori ndiyo iliyomzindua. Alikuwa upande usio wake. Lori likampita karibu, upepo wake ukamyumbisha. Akajaribu kukumbuka kipande cha barabara alichotoka kupita, hakukikumbuka hata kidogo. Alikuwa ameuguza siku nyingi, amelala vibaya, macho yamejaa machozi. Hapo mikono ikafunga breki yenyewe.

Akashuka. Akakaa kwenye ukingo wa kalavati. Akaitazama ile siti, na akamtukana mkewe kwa sauti, peke yake, barabarani. "Nilimtukana naye anakufa," alituambia, na hapo ilibidi tuzime kinasa sauti kwa muda. Akanywa maji. Akangoja miguu. Anasema hajawahi kungoja kitu kigumu kama miguu yake mwenyewe siku ile. Kisha akapanda, akaenda.

Alipofika nyumbani aliona viatu vingi mlangoni. Shemeji yake akatoka, kanga begani, na Masafa akajua kabla ya neno.

"Ameondoka, shemeji. Si muda mrefu."

Masafa hakulia kwanza. Alisema, "Nilishuka. Nilikaa pale kwenye kalavati. Nisingeshuka ningemkuta."

Dada akamshika mabega. "Ngoja nikuambie. Alikuwa anakuhesabia njia. Mara amepita daraja, mara amefika kwenye mteremko. Halafu akaniuliza, 'Ameshashuka?' Nikamwambia ndiyo, ameshuka, amekaa chini, anakunywa maji. Akasema, 'Basi.' Akafumba macho." Dada akaanza kulia. "Nilimdanganya, shemeji. Nilitaka atulie tu. Sikujua uko wapi."

Ndipo Masafa alipolia. "Hukumdanganya," akasema. "Hukumdanganya, shemeji."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa studio, pole sana Masafa. Pole dada wa marehemu, uliyekuwa naye mpaka mwisho. Pole fundi pancha, ambaye tangu msiba ameufunga mlango wake na wa jirani yake pia. Masafa na mkewe hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa kugombana na kupatana, na karakana iliyojaa sponji. Mungu amlaze mahali pema Mama Sponji.

Kesho anasindikizwa kwenda kuzikwa kwao, na ni mbali. Wenye pikipiki watakwenda wengi, Masafa mbele, kwenye siti ile yenye alama ya kisu. Tulimuuliza kama sasa atautoa mwiba. Alitutazama kama watu tusiojua tunachouliza.

Na wewe unayetusikia, fikiri kidogo leo. Yupo mtu nyumbani kwako anayekuuma, anayekuambia punguza, pumzika, inatosha, na umemchoka. Muulize anahofia nini, na umuulize angali yupo. Na kama uko njiani muda huu na umeanza kuumwa mahali, tafuta pembeni pazuri, ushuke.