Fundi Sekunde na Saa ya Mapigo Thelathini

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake, familia inawasomea maisha ya mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sekunde, na tarehe mtakazozisikia ni za uhakika, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuvumilia tarehe ya kukisia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1949 hadi 1956, ambako alikabidhiwa kengele ya shule, naye akaigonga kwa dakika yake bila kumwonea mtu haya, hata siku mwalimu mkuu alipokuwa katikati ya hotuba.

Tarehe 2 Januari 1958 alianza kujifunza ufundi katika duka la saa, na tarehe 1 Agosti 1964 akafungua kibanda chake chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, meza ikitazama dirisha, droo ishirini na nne zimebandikwa karatasi zenye mwandiko wake. Alitengeneza saa za kila aina, lakini mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kronografu za kutia ufunguo kwa mkono, zile saa za zamani zenye vitufe viwili ubavuni, kimoja cha kuanzisha na kusimamisha mshale wa kupimia muda, kingine cha kuurudisha mwanzo, zilizovaliwa na marubani, waamuzi wa mbio na madaktari kabla saa za betri hazijaingia sokoni. Saa za betri zilipokuja, watu walizitupia hizi drooni, na mafundi wenzake wakamwambia abadilike, naye akawajibu kwamba saa ya betri haikuhitaji, ila hii lazima uishike kila asubuhi, uitie ufunguo mpaka springi ikuambie basi, na wewe usikie. Mteja hata awe na haraka vipi, alifunguliwa mfuniko aone kigurudumu chenye nguzo sita, kidogo kama dengu, kinavyogeuka kitufe kikibonyezwa, na wengi walikosa mabasi yao hapo. Leo wajukuu wa wateja wale wanazitoa drooni na kuzivaa kwa maringo, na nyingi zinatembea kwa sababu yake.

Tarehe 1 Juni 1966 aliingia kibandani muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye ndiye mama yetu aliyeketi hapa mbele, akiwa na kronografu aliyoachiwa na daktari mstaafu, yenye tarakimu za mapigo ya moyo ukingoni, unabonyeza, unahesabu mapigo thelathini, unabonyeza tena, na mshale unakuonyesha ni mapigo mangapi kwa dakika. Fundi aliisafisha, na muuguzi alipoifuata tarehe 3, fundi akaijaribu mbele yake kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, ikasoma mia na kumi na nne, akaomba radhi na kubaki nayo. Fundi alipojipima akiwa peke yake ilisoma sabini na mbili. Aliifungua hata hivyo, tarehe 6 ikasoma mia na kumi na nane, akaifungua tena, tarehe 10 ikasoma mia na ishirini, na alipoinyoshea mkono bisibisi kwa mara nyingine, muuguzi, aliyechoka kupigwa kalenda, akamwambia, "Fundi, saa ni nzima, mgonjwa ni wewe." Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1966, na zile alama tatu alizozikwaruza ndani ya mfuniko, kama mafundi wa saa wafanyavyo kila wanapoifungua saa, zipo hadi leo.

Mungu aliwajalia watoto wanne, waliozaliwa 1968, 1970, 1973 na 1977, na wa pili, binti, alikaa naye mezani tangu mwaka 1989, akaruhusiwa kufungua kila saa isipokuwa ya mama yake.

Mwaka 2015 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, na Februari 2016 saa ya mama ikasimama. Miezi minne ilikaa droo ya kwanza, mzee hawezi, mtu mwingine haruhusiwi, mpaka tarehe 3 Juni alipomwita binti yake, akasogeza kiti pembeni na kusema, "Kaa mahali pangu." Binti aliimaliza kwa siku tatu, mzee akampa mama mkono wake apime, ikasoma sabini na mbili, naye mzee akalia mbele yetu sote bila kujificha, kisha akamwamuru binti akwaruze alama yake chini ya zake.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 2023, saa nne na dakika saba asubuhi, mama akiwa amemshika mkono na kubonyeza kitufe, akihesabu, akafika kumi na tisa. Mshale uliendelea kuzunguka hadi binti alipousimamisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wote waliofunga vibanda vyao leo kwa heshima yake.

Fundi, leo asubuhi mama ameurudisha mshale mwanzo na kuitia saa ufunguo kwa mkono wake, mpaka springi iliposema basi, naye akasikia. Inatembea. Pumzika kwa amani.