Rauta ya Mzee Mizani na swali la Jumapili

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya karakana ya Aristides, pale Majengo, upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi. Mwezi wa saba jua hilo ni hadithi tu. Mlima wa Kibo umejifunika mawingu tangu juzi na watu wanakunywa kahawa wakiwa na makoti. Aristides anatengeneza redio, pasi na cherehani, kwa hiyo tunamwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wengine hulazwa miezi. Wenseslaus anafuata bidhaa Himo na kuziuza mjini, na kwa kuwa hakuna shida duniani ambayo dawa yake haipo Himo, tumempa jina hilohilo. Buli, mkaa na kashata ni vya Rachel. Mzee Elimringi tunamwita Mizani, au meku, yaani mzee, kwa Kichaga. Alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika miaka ishirini na nane, na mpaka leo hasemi ndiyo wala hapana kabla mshale haujatulia. Ijumaa hiyo alikuja kutoka kwake Shirimatunda na kikapu, na ndani ya kikapu, kimefungwa kwenye taulo kama mtoto anayepelekwa kliniki, kulikuwa na kile kisanduku cheupe kinachomletea mtandao nyumbani.

— Daktari, niangalizie hii rauta. Kama imekufa uniambie, nikanunue nyingine kabla ya Jumapili.

— Ina miaka mingapi, meku?

— Inakwenda wa saba. Violet aliifunga kwa mikono yake, Krismasi ile aliyokuja.

Violet ni binti yake, muuguzi, na huu ni mwaka wa kumi na moja yuko Norwe. Kila Jumapili baada ya ibada humpigia baba yake kwa video, na mzee huvaa koti lilelile alilokwenda nalo kanisani.

— Miaka saba? — Himo akashusha kikombe. — Hiyo si rauta tena, meku, hiyo ni mzee wa kanisa. Twende Himo. Ziko zenye antena nne, zimesimama juu kama miguu ya mende aliyelala chali. Ukiwasha moja hapo Shirimatunda, inanasa mpaka Taveta.

— Ya Taveta niyanase ya nini?

— Haba na haba hujaza kibaba. Antena moja moja hujaza mtandao.

— Usimsikilize — Daktari akasema, akiifungua taulo polepole. — Ng'ombe hazeeki maini. Vitu vya zamani ndiyo vitu. Hebu tueleze dalili kwanza. Siwezi kutoa dawa kwa kuangalia koti la mgonjwa.

Mizani akakaa vizuri.

— Mwezi wa tano ilikatika mara mbili. Nikazima, nikawasha, ikarudi. Sikuijali. Lakini Jumapili iliyopita imeniaibisha. Violet ananiuliza jambo, picha ikaganda.

— Jambo gani tena? — Rachel akauliza huku akimimina.

Mzee alingoja kikombe kijae.

— Anataka kurudi. Kurudi kabisa. Akaniuliza, baba, nikirudi, nitapata mahali pa kujenga kule kihambani, karibu na kaburi la mama?

Kwa ambaye hakuzaliwa mlimani, kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa kwa pamoja, na makaburi ya wenyewe yamo humohumo. Hugawiwa watoto wa kiume, na nyumba ya baba humwangukia kitinda mimba. Kihamba cha Mizani kiko Mwika, na anayekaa pale ni Eliudi, mwanawe wa mwisho, na mkewe na ng'ombe wawili. Binti huolewa akaikuta migomba yake kwingine. Violet hakuolewa. Haya yote hakuna aliyeyasema pale kwenye benchi. Wote wanayajua. Kila mtu alikunywa kahawa yake taratibu sana, kama vile ndiyo kwanza imekuwa ya moto.

— Sasa hiyo yako — Himo akasema baadaye — antena zake ni ngapi?

— Mbili.

— Ndiyo hapo sasa.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta la kuuliza kuhusu adapta.

— Si antena — Daktari akasema. — Meku, nje ya dirisha la sebuleni kuna nini?

— Migomba. Mishare minne, ile ya ndizi za kupika.

— Nilijua. Mgomba ni ndoo ya maji iliyosimama wima. Mawimbi yakifika pale yanalowa, yakiingia ndani hayana nguvu. Violet alipofunga hii kitu migomba ilikuwa inakufika magotini, mtandao unairuka tu. Leo inapita paa.

— Kwa hiyo nikate migomba au ninunue rauta?

— Ina mikungu?

— Mitatu inayo.

— Basi hapo sayansi imekwama. Mgomba wenye mkungu haukatwi kwa ajili ya simu.

— Mbona kwangu migomba imezunguka nyumba nzima — Rachel akasema — na tamthilia zangu naziona mpaka mwisho?

— Yako ni ya kisukari. Ile hainywi sana.

Himo alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo, kama mtu anayesubiri watoto wamalize kucheza.

— Jamani, mnaangalia chini wakati mambo yako juu. Meku, Jumapili mlima ulikuwa wazi au umejifunika?

— Umejifunika.

— Haya. Zamani theluji ilikuwa nyingi pale Kibo. Wimbi linatoka kwenye mnara, linagonga theluji kama linavyogonga kioo, linakurudia wewe. Siku hizi theluji imebaki kama sukari chini ya kikombe. Wimbi linafika, halikuti kitu, linapitiliza upande wa pili. Mnadhani kwa nini mtandao wa Taveta ni mzuri? Ni wetu ule.

— Na ndio unataka niende kuunasa kwa antena nne — Mizani akasema.

— Kurudisha, meku. Si kunasa. Kurudisha. Mkono mtupu haulambwi.

Mzee akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike, na Himo akaonekana ameridhika na kazi yake.

— Mimi nauliza tu — Rachel akasema. — Hiyo kitu huwa unaiweka wapi mle ndani?

— Kabatini. Juu ya sahani za harusi, chini ya kitambaa.

— Kitambaa gani?

— Cha kufuma. Alichofuma marehemu mke wangu, Yuditha.

Hapo benchi zima lilipumua. Kutoka hapa mpaka Rombo hakuna sebule isiyo na vitambaa hivyo. Vipo juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya jokofu, kwenye migongo ya makochi. Kitu kikiingia ndani na kikaonekana cha thamani, mama mwenye nyumba anachukua sindano na uzi mweupe, na baada ya wiki kitu kimevishwa.

— Mficha uchi hazai — Himo akatamka. — Vua hicho kitambaa.

— Himo, hilo neno si la mahali pake — Rachel akasema.

— Kwani rauta haizai mtandao?

— Kitambaa hakitoki — Mizani akasema. — Rauta nitabadilisha. Kitambaa hapana.

Alisema kwa upole, lakini hakuna aliyelirudia tena suala hilo. Daktari akaona ni vizuri kuwahamisha watu kabisa.

— Mimi sasa nafikiri ugonjwa uko upande wa pili. Norwe mwezi huu jua halizami. Nimesikia redioni. Saa sita za usiku mtu anaanika nguo. Mtandao wao haujalala tangu mwezi wa tano, bwana. Violet anapiga, mitambo ya watu inasinzia.

— Kwa hiyo nisubiri mpaka lini?

— Mwezi wa tisa hivi. Wakishalala.

Ndipo alipofika Magreth, fundi nguo wa kule Uru. Daktari tu ndiye aliyekuwa anamjua. Alikuwa na mwavuli na viatu vyenye tope jekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu, karibu.

— Nimefuata cherehani yangu. Niliiacha hapa wiki ya Pasaka.

Daktari akashikwa ghafla na haraka ya kazi, lakini kazi ya rauta. Alimwambia Magreth akae apate kahawa, dakika mbili tu, kuna mgonjwa wa dharura, kisha akaingia karakanani na kuichomeka rauta kwenye soketi ya karibu na mlango. Magreth akakaa mwisho wa ubao. Rachel akampa kikombe. Tukaangalia taa. Ya kwanza ikawaka kijani. Ya pili ikafikiri, ikawaka kijani. Ya tatu ikafuata.

— Laini imo ndani? — Himo akauliza.

— Imo — Mizani akasema. — Na bando nimeweka jana.

Akamtajia Himo neno la siri, ambalo lilikuwa jina la ng'ombe waliyekuwa naye zamani, na Himo akafungua video ya mtu anayechinja mbuzi na kumchoma. Tukaitazama kuanzia kisu mpaka ndizi za kuchoma pembeni. Haikusimama hata mara moja.

— Inafanya kazi — Rachel akasema.

— Mgonjwa akifika hospitali homa inashuka — Daktari akasema. — Hiyo inajulikana. Meku, hebu nieleze vizuri, hiyo Jumapili iliganda vipi hasa? Picha ilikatikakatika, au ilitoa vidoti?

Mizani alifikiri. Alikuwa mtu wa kutoa taarifa kamili.

— Haikutoa vidoti. Alimaliza kuuliza, kisha akabaki ananitazama. Mdomo ameufunga. Nyuma yake dirisha na pazia la bluu. Hasogei. Dakika nzima, labda mbili. Nikasema basi, imeganda. Nikachomoa waya ukutani kama ulivyonifundisha. Niliporudisha, hakupiga tena. Na mimi sikupiga, kwa sababu rauta ni mbovu.

— Antena — Himo akasema.

— Migomba — akasema Daktari.

Magreth aliweka kikombe chini.

— Mzee, samahani, mimi ni mgeni hapa. Dakika hizo mbili, wewe ulikuwa unamwambia nini?

Himo alimtazama Daktari. Daktari aliangalia taa, zote tatu, moja baada ya nyingine, kana kwamba jibu lingeweza kuwa huko.

— Nilikuwa sijasema kitu — Mizani akasema mwishowe. — Nilikuwa nafikiri.

— Aha — Magreth akasema, bila ubaya wowote. — Basi labda na yeye alikuwa anasubiri.

Himo alianza kusema kitu kuhusu mawimbi, akaacha katikati. Rachel akachochea mkaa usiohitaji kuchochewa.

— Ni mimi niliyechomoa waya — Mizani akasema, si kwetu hasa.

— Hajui, mzee — Rachel akasema. — Anaweza kudhani umeme umekatika.

— Au anadhani nimemkatia. Leo siku ya tano.

Mzee akaendelea, polepole, akiangalia mikono yake.

— Eliudi ni kijana mzuri. Ila pale mtelemkoni, chini kidogo ya kaburi la mama yake, ameshachimba msingi wa banda la ng'ombe. Alinionyesha mwezi wa tano, amefurahi. Nikimpa huyu, nimemnyang'anya yule. Nikimnyima, nimemwambia mtoto wangu kwamba hana kwao. Babangu hakuwahi kuulizwa swali hili. Sijui angesema nini. Mimi sijui nisemeje.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ardhi na urithi, na vingine vilinishawishi sana. Nikiwa nimekaa karibu na mzee huyo sikupata ukurasa hata mmoja wa kumnukulia. Cha ajabu, aliyepata la kusema ni Himo.

— Meku — akasema — sisi hapa tumeijaribu hii rauta kwa mbuzi tu. Mbuzi ni wa karibu. Hatujui kama inafika Norwe. Bila kujua hilo Daktari hawezi kukuambia ununue au usinunue. Si ndiyo, Daktari?

— Haiwezekani kabisa — Daktari akasema. — Lazima ipimwe mpaka mwisho.

— Basi piga. Kwa majaribio tu.

Mizani alitoa simu yake kubwa mfukoni. Akafunga kifungo cha juu cha koti. Akasogea mpaka mlangoni pa karakana, hatua moja hivi kutoka kwenye zile taa, na tukasikia simu ikiita. Iliita sana. Kisha sauti ya mwanamke ikasema baba, kulikoni, leo si Jumapili.

— Hakuna kitu. Niko salama. Niko Majengo kwa Daktari, tunajaribu rauta... Ndiyo, ileile yako... Uko kazini? Haya, sitakuchelewesha. Violet, lile swali lako nililisikia. Mtandao haukukatika. Ni mimi niliyechomoa.

Tukageukia upande mwingine wote. Daktari akaivuta cherehani ya Magreth kutoka chini ya meza na kuanza kuifungua skrubu, mara ya kwanza tangu Pasaka, na Magreth akamshikia tochi. Rachel alisafisha vikombe vilivyokuwa safi. Himo aliikazia macho barabara kana kwamba anamngoja mtu. Pale mlangoni mzee alikuwa amesimama na simu mbele ya uso wake, hasemi kitu, na muda ulikuwa unakwenda. Kisha sauti ile ikatoka tena kwenye simu, ndogo lakini safi.

— Baba? Mbona umeganda?

— Hapana, mama. Nipo. Nafikiri.