Milioni Moja na Moja

Kijiwe kimoja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma ni benchi moja la mbao na jiko la Sylviane, Mrundi auzaye kahawa asubuhi, kisha saa nane mchana huenda darasa la watu wazima. Siku hiyo birika lilichemka bila kuangaliwa, maana yeye alikuwa ameinamia daftari. Mwalimu aliwapa namba 1,000,001, waseme kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kikokotoo marufuku.

— Ejok, mama kahawa! Bado unapigana na hiyo kitu?

Huyo alikuwa Epuyo wa bodaboda, aitwaye Breki, akisalimu kwa Kiturkana.

— Bado. Tatu inabakisha mbili. Saba, mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena.

— Si ni rahisi! akadakia Koang, kinyozi kutoka Sudan Kusini. Walimwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Kama mbili inabaki kila saa, basi inagawanyika na mbili!

— Inaishia na moja, Profesa.

— Mimi naona hivi, alisema Breki. Soma mbele, ni ileile. Soma nyuma, ni ileile. Haina mlango. Namba itaingilia wapi?

— Milioni ni ya wakubwa, Profesa akaongeza. Hiyo moja wameiweka makusudi, ndio watu wadogo wasigawane!

— Andika tasa tumalizane, dada. Mwanamke kama hazai, utamngoja mpaka lini?

Profesa akamkanyaga Breki mguu. Kijiwe kizima kilijua: mume wa Sylviane alimwacha kule Kalobeyei baada ya miaka sita bila mtoto, na neno alilomwachia mlangoni ni hilohilo. Sylviane alishika kalamu upya. Hakuinua kichwa.

— Hilo neno watu wanalisema haraka, alisema. Mimi siliandiki mpaka nimepima.

Akaendelea. Kumi na saba ikakataa. Kumi na tisa ikakataa. Alipomaliza tisini na saba, namba tasa ishirini na tano zilikuwa zimekataa, birika limekauka, na Profesa anamsihi apumzike. Akajaribu mia na moja. Akarudia. Hakikubaki kitu.

— Mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja! Si tasa!

Breki akavua kofia.

— Dada, lile neno... nisamehe.

— Nimesikia, Epuyo.

Nyuma yao alisimama mwanamke mwenye begi, akichungulia daftari. Alijitaja kuwa Akaale, ameshuka sasa hivi kutoka Lodwar, analitafuta darasa hilohilo.

— Na hiyo elfu tisa mia tisa na moja, aliuliza, nayo ni tasa?

Profesa akamgeukia Sylviane.

Sylviane alifikiri. Zile zilizoshindwa kuingia kwenye namba kubwa haziwezi kuingia kwenye kipande chake. Na mia na moja mara mia na moja tayari inakipita, hivyo kama kingegawanyika, ingeingia namba ndogo kuliko mia na moja. Hakuna ya kujaribu tena.

— Ni tasa, alisema. Hiyo nimeipima. Twende darasani.