Mzee Gawanya na Safu ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na saba ya kufundisha hesabu shuleni kwetu, Mzee Gawanya anastaafu tarehe 31 mwezi huu. Ofisi ilipanga tarehe 30, akakataa katakata. Alitaka namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, na 31 hata ukiigeuza ikawa 13 bado ni tasa. Ofisi ikanyoosha mikono.

Mkewe, shemeji yetu, anayajua haya kuliko sisi. Waliiacha nyumba yenye sebule kubwa wakahamia namba 379, eti kwa sababu ukiikata mkia inabaki 37, ukikata tena inabaki 3, na zote ni tasa. Bafu lilikuwa linavuja. Shemeji alinuna mwezi mzima, kisha akazoea.

Darasani, kila dawati lilipewa namba tasa yake, na kazi yake ni kugawanya kwa namba hiyo chochote kinachoandikwa ubaoni. Dawati la 2 liligombaniwa na wavivu, maana jibu lake huonekana kwa macho. Hivyo ndivyo alivyolifundisha darasa moja lililoshindikana, ambalo mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa ameamua kuliondoa kabisa kwenye hesabu.

Siku mkuu alipokuja kutangaza uamuzi huo, Mzee alikuwa ubaoni akijenga safu: 31, 331, 3331, akizidi kuongeza tatu mwanzoni, na kila mara tasa. Kwa mbwembwe akaandika 333333331, akamhakikishia mgeni kwamba hata hiyo haigawanyiki.

Madawati yakainamia kazi. Msichana wa dawati la 17, ambaye hakuwahi kufungua kinywa kipindi cha hesabu, akanyoosha mkono: inagawanyika kwa 17, hakibaki kitu. Mzee akairudia hesabu, jasho likimtoka. Kisha akapiga makofi, akacheka mpaka chaki ikamdondoka. Mkuu alitoka bila kutangaza lolote, na darasa lile likabaki kwenye hesabu mpaka mtihani wa mwisho.

Msichana yule ndiye mimi ninayeandika haya, na kuanzia Jumatatu vipindi vya Mzee nitavishika mimi. Naogopa, sifichi.

Mwalimu wangu, sote hapa tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa asubuhi na raha mustarehe wewe na shemeji. Nami nakushukuru kwa kukosea mbele yetu, ukafurahi.