Mama Goreti na Milima Miwili Inayovuta Tumbaku

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2015, Mama Goreti Kobugabe anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka kumi na minane na karibu miezi tisa. Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1996, chini ya hema lililovuja, hapa hapa Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ofisi ya Mbarara imeniomba niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja. Wakubwa mtanisamehe. Ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza anavyosalimia watu.

Kwa wasiomfahamu, Mama Goreti ni Munyankore wa Nyamityobora, Mbarara, mjane wa sajenti wa jeshi. Kiswahili alikiokota kambini kwa mumewe, akakileta kazini kikiwa bado kimevaa magwanda. Mimi nilifika kutoka Uvira, Kivu ya Kusini, Januari 1997. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa uji na shangazi yangu niliposikia sauti ya mwanamke ikinguruma: "Wewe mrefu! Toka laini, kuja hapa!" Nikanyoosha mikono juu. Shangazi akaanza kusali sala za mwisho. Kumbe mama wa watu alikuwa ameona ninatetemeka kwa homa, anataka kunipeleka kliniki. Alinishika mkono njia nzima huku akinifokea kwamba nimekonda. Tangu siku hiyo tukamwita Afande, na jina halijamtoka.

Nilipopona alinichukua kuwa mkalimani wake. Nimekuwa naye tangu hapo, na nimefokewa kila wiki isipokuwa wiki mbili alipofanyiwa upasuaji.

Kazi yake ilikuwa dawati la watoto waliopotezana na wazazi. Mtoto wa miaka minne au mitano anashuka kwenye lori na watu asiowajua. Ukimwuliza mama yake anaitwa nani, anajibu anaitwa Mama. Ukimwuliza anatoka wapi, anasema anatoka kwetu. Hapo wengi wetu tungeandika "haijulikani" na kumwita anayefuata. Afande hakuwahi kuandika neno hilo. Aliketi chini kwenye mkeka, akampa mtoto kalamu, akageuza fomu upande wa nyuma na kumwuliza kwa Kiswahili chake kile: "Ukitoka mulango ya nyumba yenu, macho iko naona nini?"

Basi mtoto anachora. Mmoja alichora ziwa na mitumbwi, mwingine daraja lililokatika, mwingine kanisa lenye minara miwili. Mama Goreti aliichukua michoro hiyo hadi sokoni, kwa akina mama wa Kongo wanaouza nyanya na dagaa waitwao sambaza, akaitandaza juu ya nyanya zao bila kuomba ruhusa. Wanawake walikusanyika na kubishana hadi mmoja apige kelele, "Eee, hii ni fasi ya kwetu, ni Baraka hii!" Tukaandika barua mji wa Baraka, Kivu ya Kusini. Kwa njia hiyo ya mkeka na nyanya, watoto mia mbili na kumi na wanne walirudi mikononi mwa watu wao. Nimewahesabu mwenyewe, maana yeye hujidai hakumbuki.

Lakini leo nataka kumzungumzia mtoto mmoja, Vanessa.

Vanessa alikuja mwaka 2008, akiwa na umri wa kama miaka minne, kwenye lori la watu wa Goma waliomwokota njiani. Alichora milima miwili inayotoa moshi. Wa kushoto ulikuwa mkali, umesimama wima. Wa kulia ulikuwa bapa, umelala. Akatueleza kwamba hao ni mzee mkubwa na mzee mdogo, wanavuta tumbaku. Akina mama wa sokoni walitingisha vichwa. Wengi wetu hapa ni wa Kivu ya Kusini, na kwetu sisi mlima wa moto ni Goma na Goma ni mlima wa moto, basi. Isitoshe, mkalimani wa dawati aliwahi kupita Goma mara moja, siku ya mvua, wala mlima wenyewe hakuuona. Lakini alijifanya bingwa, akatamka kwa sauti kubwa kwamba hii ni Goma, tena bila shaka yoyote. Mama Goreti akaandika Goma.

Miaka sita tuliandika Goma. Tulipeleka orodha, tulipeleka picha, tulitangaza redioni. Kimya. Wakati huo wote mtoto alihitaji mahali pa kulala, kwa hiyo Afande aliomba ruhusa kwa barua, akapewa kwa barua, akamchukua nyumbani Nyamityobora. Hakuwahi kujaliwa mtoto wake. Vanessa alimwita Mama Afande. Naye alimfundisha kusuka ukili, akampeleka shule, akamshonea sare mwenyewe kwa sababu fundi wa mtaani alikosea mikono. Tukienda Mbarara kwa mikutano tulimkuta mtoto huyo amekaa barazani na daftari, na bosi wetu mkali akiwa amepiga magoti anamchana nywele. Tulijifanya hatujaona.

Agosti 2014 wafanyakazi tulipiga kura kuhusu matembezi ya mwaka. Afande alishinda kura hiyo kwa kututazama mmoja mmoja. Alitaka Sabinyo, kule Kisoro, mlima wenye njia ya juu ambako siku ya anga safi unaona hadi volkeno za Kongo. Alisema ameandika neno volkeno kwenye mafaili karibu miaka kumi na minane na hataki kustaafu kabla hajaiona hiyo kitu. Tulimkumbusha magoti yake. Akajibu kwamba magoti hayakupiga kura.

Vanessa, aliyekuwa darasa la nne, alimpa mchoro wake wa zamani. Alitaka Mama Afande auangalie huko juu, aje amwambie kama alichora vizuri.

Dereva wetu Jovan alitufikisha Kisoro Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tukaanza kupanda na kiongozi wa njia, kijana wa Kisoro aitwaye Gatete. Tulipita msitu wa mianzi, matope hadi vifundoni, kisha ukungu, kisha ngazi. Sabinyo ina ngazi za miti zilizofungwa kwenye miamba, na chini yake hakuna kitu ila hewa. Mimi, niseme ukweli, nilizipanda nikiwa nimefumba macho. Mama Goreti, miaka hamsini na tisa, alikuwa nyuma yangu akinihesabia vidato kwa sauti ya gwaride. Kila alipopumzika alidai anasubiri sisi wagonjwa.

Saa sita mchana tulifika kilele cha pili, zaidi ya mita elfu tatu na mia tano. Pumzi haitoshi, midomo imekauka. Gatete akatuambia tungoje. Ukungu ukapasuka, na Kongo nzima ikawa miguuni petu. Kushoto kulikuwa na mlima Mikeno, mrefu kama nini. Pembeni ya bega lake ulichungulia mlima mkali, umesimama wima, unatoa moshi mweupe, Nyiragongo. Mbali kidogo upande wa kulia ulionekana mwingine, bapa, umelala, nao unatoa moshi, Nyamulagira. Mungu wangu! Nimezaliwa Kongo na sijawahi kuiona hivyo. Nililia, na wala sioni haya kuliandika.

Afande alitoa mchoro kwenye mfuko wa plastiki, akaunyanyua mbele ya macho. Mkali kushoto, bapa kulia. Akaushusha, akaunyanyua tena. Kisha akamwuliza Gatete kama watu wa Goma wanaiona hivi. Gatete akacheka. Alisema watu wa Goma wako chini ya huo mkali, upande wa pili, na wakiuona huo bapa wanauona kushoto. Aliyechora hivi alikaa upande wetu huu. Akanyoosha kidole kwenye vilima vilivyo chini yetu, hatua chache tu kutoka mpaka wa Uganda, ambako mabati ya nyumba yalimetameta juani. Akasema kule ni Jomba.

Mama Goreti alikaa kwenye jiwe, karatasi magotini, akatazama yale mabati. Nilijua anachokitazama. Miaka sita tumetafuta mbali, na kumbe pengine mama wa mtoto yuko pale, mahali ambapo mtu hutoka asubuhi akafika Kisoro kununua sukari. Nilijua pia kwamba akiukunja mchoro ule na kuurudisha mfukoni, Vanessa atabaki Nyamityobora, na mimi sitaulizwa kamwe nani alisema Goma. Hapa nikiri kitu ambacho sijakisema kwa mtu: nilitamani aukunje. Kwa ajili yake, na kwa ajili yangu.

Alikaa kama dakika kumi. Kisha akapangusa uso kwa kitambaa cha kichwa na kusema, "Emery, lete kalamu. Andika Jomba."

Kilele cha tatu hatukwenda. Alishuka ngazi zile bila kuhesabu.

Barua yetu, na nakala ya mchoro, ilifika parokia moja huko. Jumapili moja ya Oktoba padri alisoma tangazo baada ya misa, na maneno ya mtoto yakiwemo: mzee mkubwa na mzee mdogo wanavuta tumbaku. Hajamaliza, mwanamke mmoja akasimama kwenye benchi huku akipiga kelele. Jina lake Constance. Babamkwe wake ndiye aliyeipa ile milima jina hilo, kwa kuwachekesha wajukuu mlangoni. Siku ya vita Constance alirudi mbio ndani kumchukua mtoto mchanga, na alipotoka, barabara ilikuwa imejaa watu na Vanessa hayupo.

Desemba tulikwenda mpakani Bunagana. Niliogopa sana safari ile. Vanessa alikuwa na sanduku lake la chuma la shule, na Mama Goreti alikuwa amevaa gomesi yake ya Krismasi. Constance alipomwona mtoto alishindwa kutembea, ikabidi mtoto ndiye amfuate. Walikaa wamekumbatiana muda mrefu, na sisi tukatazama malori.

Kisha Afande alimwendea Constance na kumpa maagizo, amesimama wima, kwa Kiswahili cha jeshi. "Huyu iko ogopa radi. Maharage hapana kula bila binzari. Nywele yake iko laini, chana polepole, anza chini." Constance alijibu kila agizo, "Ndiyo mama, nimesikia mama." Nilikuwa mkalimani na sikuhitajika kutafsiri neno hata moja.

Ikabaki fomu ya makabidhiano. Kuna mstari unaouliza uhusiano wa anayekabidhi na mtoto. Kalamu yake ilisimama hapo. Mwishowe akaandika, "Afisa wa dawati." Kutoka Kisoro hadi Kabale alilia waziwazi, na Jovan akaendesha pikap polepole kuliko siku zote.

Katika ripoti ya mwaka, chini ya makosa, nilikuta amejaza hivi: utambuzi mbaya wa mahali, aliyehusika G. Kobugabe. Hakuniambia, na hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho, yeye anayenifokea nikichelewa dakika tano. Ripoti hiyo si ya kweli, na leo naisahihisha mbele ya wote. Aliyesema Goma ni mimi, Emery. Mkinifukuza mnifukuze kesho, maana leo nina kazi ya kumaliza.

Mama Goreti, kwa niaba ya wafanyakazi wa Nakivale na Mbarara, na kwa niaba ya watoto mia mbili na kumi na wanne, pamoja na yule mrefu uliyemtoa kwenye mstari wa uji, tunasema asante. Tunakupenda sana, na tunajua hutaki kusikia hivyo ukiwa umekaa mbele ya watu. Nenda ukalale hadi jua lichome dirisha. Nenda ukawafokee mbuzi wako, wataelewa kama tulivyoelewa sisi. Mungu akupe siku nyingi, zenye chai ya moto na magoti yasiyouma.

Jambo la mwisho. Ulipotupa ratiba ya leo, kwenye namba nane, "Neno la familia ya mstaafu", ulikuwa umeandika, "Hakuna, rukeni." Afande, tangu nikufahamu hii ndiyo amri ya kwanza niliyokataa. Ndiyo sababu ratiba uliyoshika mkononi imekosa ukurasa, na ndiyo sababu ninausoma mwenyewe. Namba nane tumeichapa upya. Neno la familia litatolewa na binti wa mstaafu, Vanessa, akifuatana na mama yake, Constance. Walivuka Bunagana jana asubuhi.

Wako safu ya tatu, karibu na dirisha. Geuka.