Mwamba Umefungwa

Pantoni ilikuwa imeshaondoka Kigamboni mzee mmoja alipojisogeza kwa Bi Tabu, ambaye alimjua kwa sifa tu ya kuchokoa pweza miambani. Sekela, abiria aliyeketi nyuma yao, akatega sikio.

“Mama, Jumamosi namuoza binti. Nitafutie pweza, nitakulipa vizuri.”

“Mwamba tumeufunga sie wachokoaji wenyewe, kaka. Tumeahidiana tusivue kwanza. Matumbawe yameshachoka na taka za mjini. Tukiyavunja na vyuma vyetu, pweza atazalia wapi?”

“Mmoja tu. Nani atajua?”

“Pweza ana mikono minane na hajanishinda. Wewe na hiyo miwili utaniweza?”

Mzee akacheka. Sekela naye akacheka, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

Pantoni ikagota. Bi Tabu, ambaye wiki nzima hajauza kitu, akamwombea binti heri, kisha akashuka kutafuta mchicha wa kutembeza mitaani.