Pua ya Marehemu Valerian Luhende, Mwonja Kahawa

Padri wetu, mama yetu Bernadina, wafiwa wenzetu mliotoka Kambarage na Geita, na ninyi majirani wa Ushirombo mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia ya marehemu mzee Marselino Luhende imemtuma mtoto wake wa kwanza, mwalimu mstaafu Cornel, awasomee maisha ya mdogo wake Valerian, naye Cornel anaomba jambo moja kabla hajaanza, asikatizwe mpaka afike mwisho, kwa maana humu yamo mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyajua hadi Jumatano ya wiki hii, na hata sasa hajayazoea.

Valerian Marselino Luhende alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Julai 1979 hapa Ushirombo, enzi hizo tukiwa bado wilaya ya Kahama, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Pua yake ilijulikana mapema, maana alipokuwa na miaka sita alikataa uji asubuhi moja akisema unanuka panya, akachapwa kofi kwa kudharau chakula, na jioni mama alipomimina unga wote uliobaki akamkuta panya amekufa chini ya debe. Mama hajalisahau kofi lile, na wiki hii amelitaja mara nyingi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Kahama kuanzia 1994 hadi 1997, na kwa kuwa historia ya marehemu si mahali pa kutia chumvi, isemwe tu kwamba matokeo ya kidato cha nne hayakumpeleka popote. Januari 1998 alikwenda machimbo ya Nyarugusu kutafuta dhahabu, na tarehe 22 Agosti 1999 aligoma kushuka kwenye duara, yaani shimo walilokuwa wakichimba, akidai moshi wa baruti ya jana bado umelala chini, wenzake wakamcheka na kumwita mwoga, mpaka msimamizi alipoteremsha koroboi kwa kamba ikazimika kabla ya kufika chini. Wanaume saba hawakushuka siku ile, na mmoja wao, Marwa, amekaa pale mbele leo.

Mwaka 2002 alihamia Moshi, akapata kibarua cha kufagia kiwanda cha kukoboa kahawa, na huko alimwambia bosi wake kwamba gunia moja kati ya mia mbili liliwahi kulazwa karibu na mafuta ya taa, likatafutwa, likapatikana, na ufagio ukawekwa chini. Alifundishwa kuonja na mama mmoja mahiri, Scolastika, ambaye yuko hapa, na tarehe 5 Mei 2008 akapata cheti cha uonjaji. Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni hii: kahawa iliyosagwa huwekwa kwenye vikombe vyenye namba tu, humiminwa maji ya moto, baada ya dakika nne utando wa juu huvunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, kisha mwonjaji hufyonza kijiko kimoja kwa kishindo ambacho majumbani kwetu kingempatia mtoto kibao, akakizungusha mdomoni, akatema kwenye bakuli, akaandika alama kati ya mia, na muda huo wote hakuna anayesema neno.

Tarehe 17 Oktoba 2009 alifunga ndoa takatifu na Euphrasia, binti wa Mzee Gregory wa Kambarage, mjini Shinyanga, ingawa ndoa hiyo nusura isifungwe, kwani siku ya posa Mzee Gregory aliwakaribisha wageni kwa kahawa aliyoikaanga mwenyewe, na Valerian, mazoea yakiwa na nguvu kuliko adabu, alifyonza kwa kishindo, akatema kwenye bakuli la kunawia, na alipoulizwa kulikoni akajibu kwamba kahawa ya baba ina alama sitini na mbili. Mshenga alitaka kuchimba ardhi ajifiche. Faini ilikuwa mbuzi, ikalipwa, lakini Euphrasia, aliyekuwa akichungulia dirishani, alikwenda jikoni akaionja kahawa ya baba yake, na baada ya harusi alimwambia mumewe kwamba yeye angeipa hamsini na tisa. Valerian aliisimulia habari hiyo kila mahali kama mzaha, nasi tukacheka kila mara, na hakuna aliyejiuliza mwanamke yule alijuaje.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Sesilia aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2011, na Marselino aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2015. Mwaka 2016 walirudi Shinyanga, wakafungua Kambarage chumba cha kukaangia na kuonjea kahawa, Valerian akifyonza na kutema, Euphrasia akimimina maji, akisuuza vijiko, akionja nyuma yake na kuandika alama kwenye karatasi.

Baba yetu alipofariki mwaka 2018, Valerian alipanda kilima hiki kilicho nyuma ya nyumba, akakuta mibuni arobaini na mmoja ambayo babu yetu aliipanda kwa mbegu alizopewa na mapadri wa zamani, mibuni ambayo sisi tuliobaki nyumbani tulikuwa tukianikia nguo. Aliipogoa, akaotesha miche, akaigawa kwa kaya kumi na tisa za kitongoji hiki, akawafundisha kuchuma tunda jekundu tu, na tarehe 9 Septemba 2025 mavuno ya kwanza yaliyostahili kupimwa yaliwekwa mezani Kambarage mbele ya wanunuzi. Wengi mnakumbuka habari ilivyotufikia, alama tisini na moja na robo tatu, kahawa ya kilima kimoja isiyochanganywa na nyingine yoyote, na Bwana Nuruddin, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Geita, akaahidi shilingi laki nne kwa kilo, akatoa mfukoni mizani yake ndogo ya dhahabu na kupima punje za kahawa mbele ya watu. Kaya kumi na tisa zilianza kupanga mabati na ada za shule juu ya karatasi hiyo moja ya alama, wala hazikukosea, maana kila mtu katika biashara ile alijua pua ya Valerian haidanganyi.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa na kifo, na hapa Cornel hana budi kukiri kwamba historia aliyoiandika Jumanne usiku akiwa na uchungu ilisema hivi, Julai 2021 marehemu aliugua homa na kifua akalazwa siku kumi na moja akapona kabisa, na maneno hayo mawili ya mwisho ameyafuta.

Jumatatu tarehe 12 Januari 2026, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Euphrasia akiwa stendi kumsindikiza Sesilia anayesoma bweni Tabora, Valerian aliingia peke yake kwenye chumba cha kukaangia, akawasha kiberiti, na chumba kilichokuwa kimejaa gesi kikalipuka. Majirani walivunja mlango, wakamfunika kwa mablanketi mabichi, wakamkimbiza hospitali, ambako alifariki Jumanne tarehe 13 saa tisa alasiri bila kupata fahamu. Sesilia alishushwa Tinde, akarudi na gari la kwanza, akamkuta baba yake amefungwa bandeji hadi machoni.

Tulipigwa na butwaa, na katika butwaa hilo swali lilikuwa moja tu kwenye midomo ya watu, inawezekanaje pua iliyonusa panya ndani ya debe, moshi ndani ya duara na mafuta ya taa ndani ya magunia mia mbili, ikaingia chumba kilichojaa gesi isinuse. Wapo waliotaja dawa kwenye chai, wapo waliotaja mkono wa mtu na wivu wa kahawa ya laki nne, na wapo waliosema lisemwalo lipo, ila aliyelisema kwa sauti, kwenye korido ya hospitali, watu wakisikia, ni Cornel anayewasomea. Alisema, "Pua ya mdogo wangu inyamaze yenyewe? Mwulizeni mkewe alimnywesha nini." Euphrasia alikuwa hatua tatu kutoka pale, akainamisha kichwa, hakujibu, na Cornel akakuchukulia kule kunyamaza kuwa ndiyo jibu.

Kuanzia saa hiyo aliyotendewa mjane huyu ni haya, na yatajwe kwa sababu yalitendwa: Cornel alimnyang'anya funguo za nyumba, mtoto mdogo alipelekwa kulala kwa shangazi, na kwenye mkeka wa wafiwa kina mama walisogea pembeni mpaka akabaki amekaa peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Ugali aliopelekewa ulirudi kama ulivyo. Hakujitetea hata mara moja, na tulimwona jeuri.

Jumatano asubuhi Cornel alikuwa akipekua sanduku la bati akitafuta cheti cha ubatizo cha marehemu, Sesilia akaja akasimama mlangoni, akamwamkia, na alipoitikiwa kwa mkato alisema, "Baba mkubwa, baba alikuwa hanusi. Tangu alipolazwa ile mara. Mama ndiye alikuwa anaingia kwanza." Cornel alimwambia aache uongo, mtoto akaingia, akatoa chini ya sanduku bahasha moja, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya daktari wa masikio, pua na koo ya tarehe 30 Septemba 2021, iliyoandika kwamba Valerian Luhende amepoteza uwezo wote wa kunusa, na sehemu kubwa ya ladha, na kwamba hakuna dalili ya kurudi.

Hapo Cornel alielewa. Kwa miaka minne na miezi kadhaa mdogo wake alikuwa akifyonza, akitema na kutikisa kichwa bila kusikia chochote isipokuwa joto la maji, na alama zote, kila moja, zikiwamo tisini na moja na robo tatu za kilima hiki, zilikuwa za mwanamke aliyeshika kalamu. Wanunuzi walikuwa wakimtazama mwanaume mwenye kijiko, na karatasi ikiandikwa kando yao mchana kweupe kwa mwandiko wa mkewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Wala nyumbani kwao hakuna mtu aliyewasha moto kabla Euphrasia hajatangulia kunusa chumba, desturi ya kila asubuhi, isipokuwa Jumatatu ile moja ambayo alimsindikiza mtoto stendi. Wakaguzi wa zimamoto walisema panya alitafuna mpira wa gesi.

Ndipo Cornel alipokwenda mkekani, akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akamwuliza kwa nini alinyamaza wakati neno moja tu lingemwokoa. Euphrasia alijibu taratibu, "Shemeji, ningesema hanusi, karatasi ya Ushirombo ingekuwa takataka. Kaya kumi na tisa. Nikaona bora mniite muuaji mpaka Bwana Nuruddin alipe." Mdomo huponza kichwa, waliosema hivyo walisahau kwamba huponza na kichwa cha mwenzako.

Yeye ndiye aliyechoka kabla yetu kubeba siri hiyo, akaomba mwenyewe isemwe, ila kwanza apimwe. Alhamisi alasiri Scolastika, aliyefika kutoka Moshi kuzika, alipanga vikombe sita kwa namba, Euphrasia akiwa hapo hapo kwenye mkeka, hajala siku mbili, na chumba kizima kikanyamaza isipokuwa ule mfyonzo tuliouzoea, safari hii ukitoka kinywani mwa mwanamke. Alikitambua kikombe cha kilima hiki, akatambua na kingine kilichowekwa kwa hila kikiwa na kahawa hiyo hiyo, akaandika tisini na nusu, si tisini na moja na robo tatu, akisema kahawa imekaa miezi minne na ladha yake imeanza kufifia. Karatasi ya Scolastika, iliyoandikwa kabla na kukunjwa, ilifunuliwa, ikakutwa na tisini na robo. Bwana Nuruddin, aliyekuwa amesimama mlangoni amevua viatu, alizitazama karatasi zote mbili, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nalipia ulimi wa shemeji," akaomba aandikiwe karatasi mpya yenye jina la aliyeonja, na bei akaiacha palepale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana siku mbili na majeraha yasiyopona, inawashukuru majirani wa Kambarage ambao wawili wao bado wana mikono iliyoungua, inawashukuru waonjaji wa Moshi, Bwana Nuruddin na wenzake wa Geita waliotoa magari mawili ya kuja huku, na kaya kumi na tisa zilizochimba kaburi hili chini ya mibuni. Inamshukuru Sesilia, mwenye miaka kumi na minne, aliyekuwa na ujasiri kuliko wazee wake.

Na sasa Cornel anaomba shemeji yake Euphrasia asimame, maana maneno aliyoyatamka mbele ya watu hayawezi kuombewa radhi chumbani, na funguo za nyumba alizozichukua mbele ya watu anazirudisha hapa hapa mbele ya jeneza, na kina mama anawaomba wamrudie mkekani.

Masufuria mnayoyaona pale jikoni yana kahawa ya kilima hiki, kilo mbili za mwisho za mavuno yale, Euphrasia ameikaanga jana kwa mkono wake na amekataa isiuzwe. Valerian aliitema kwa miaka minne bila kujua ladha ya mti wa babu yake, akiamini neno la mkewe tu, basi kila mmoja wetu atapewa kikombe kimoja baada ya kuzika, na leo asiteme mtu. Pumzika, mdogo wangu, lala kwa amani, sisi tutaimeza kwa niaba yako.